Wino Mwekundu wa Karani

Karani hakushika barua kwa mkono usionawa. Ukimletea barua akusomee, hata kama umekuja mbio, hata kama unalia, alikuonyesha jagi la maji na kipande cha sabuni pale mlangoni. Unanawa wewe, ananawa yeye, kisha anakausha vidole kimoja kimoja kwa kitambaa chake cha mfukoni. Ndipo anapokea kwa mikono miwili. Wanawake wa kambi walimcheka. Walisema Karani akiletewa barua na mtu anayezama, atamwambia kwanza atoke majini anawe.

Nimeanza na kunawa kwa sababu hilo nina hakika nalo. Mengine nitayaandika ninavyoyakumbuka, na pale nisipojua nitasema sijui. Mimi niliacha shule darasa la sita. Kuandika kwangu ni kwenye daftari tu, mistari michache jioni baada ya kuosha sufuria, na hiyo tabia alinipa yeye. Sidhani mimi ndiye mtu wa kumweleza Karani. Lakini kopo lake la barua liko chini ya kitanda changu sasa, na kila anayeliona huniuliza kuna nini ndani. Nikisema barua, huomba nimsomee moja. Afadhali niandike mara moja, wasome hapa. Ndani ya kopo hilo mlikuwa na barua ambayo Karani mwenyewe hakuwahi kuisoma, na kwa miaka yake ya mwisho hakutaka kitu kingine duniani.

Alikuwa karani wa kambi ya polisi nilikokulia. Jina lake limeandikwa kwenye kaburi lake huko kaskazini, na sitaliandika, maana hakuna aliyelitumia. Mkubwa wa kambi alimwita Karani. Binti yake wa kumzaa alimwita Karani. Baadaye, alipostaafu, tulikutana tena Old Kampala, kwenye vyumba vya kupanga nyuma ya maduka ya zamani, yeye chumba cha mwisho, mimi cha tatu, bomba moja, ua mmoja. Tulikaa hivyo zaidi ya miaka ishirini. Kwa hiyo nilimjua mara mbili, nikiwa mtoto na nikiwa mtu mzima, na sina hakika kama ni mtu yule yule niliyemjua.

Kambini kazi yake ilikuwa madaftari ya zamu. Lakini ikifika saa kumi jioni alitoa meza yake barazani, na wake za askari waliopelekwa mbali wakaja kuandikiwa barua. Sisi watoto tulicheza chini ya baraza hilo na tulisikia kila kitu. Kulikuwa na mama mmoja Mnubi, mpika chapati, mwanamke mwenye sauti kubwa, ambaye mumewe alikuwa amepelekwa Karamoja, mbali kaskazini-mashariki, na hakuwa ametuma neno tangu aondoke. Alikuja akasimama, hakukaa.

"Karani, andikia yeye hivi: wewe mwanaume bure kabisa. Andika. Mbona mkono haiendi?"

Mkono ulikuwa unakwenda. Karani aliandika ukurasa mzima bila kuinua kichwa, kisha akamsomea. Barua ilisema, Mume wangu, tangu uondoke nyumba hii imekuwa pana mno kwangu na kwa watoto. Yule mama akatazama upande wa jikoni.

"Mimi sijasema hivo," alisema.

"Nifute?"

"Wacha. Lakini hiyo ya bure pia weka. Weka chini, pale mwisho."

Karani akaiweka. Nasema hili kwa sababu wako watu waliomlaumu kwamba alikuwa anawaandikia watu maneno yasiyo yao. Ni kweli alifanya hivyo. Lakini ni kweli pia kwamba ukimwambia aweke la kwako, aliliweka.

Alivyopenda kuandika barua ni kidogo ukilinganisha na alivyopenda kuzitunza. Alikuwa na sheria. Barua ikunjwe kwenye mkunjo wake ule ule, usiizulie mkunjo mpya. Isikae juani. Isitiwe kwenye kavera, mfuko wa plastiki, maana karatasi nayo hutoka jasho, na mle ndani itaozea. Iwekwe kwenye kopo la bati lenye kifuniko, na jani la tumbaku kavu ndani kwa ajili ya wadudu. Isiandikwe kwa penseli. "Penseli ni ya seremala," alisema. Alipita nyumba kwa nyumba akikagua, kama bwana afya anavyokagua vyoo, na wanawake walimwonyesha makopo yao wakicheka kidogo. Siku moja alimkuta mmoja amefunika mtungi wa maji kwa barua ya mumewe, na hakumsalimu kwa mwezi mzima. Mama huyo alikuwa na sababu zake. Mumewe alikuwa ameoa tena huko aliko, na barua yenyewe ndiyo iliyoleta habari. Lakini kwa Karani hiyo haikuwa sababu. Alisema barua mbaya nayo hutunzwa, tena hiyo ndiyo itakayoulizwa.

Watu wa kambi wanajua jambo moja ambalo watu wa mjini hawalijui. Nyumba si yako. Askari akifa au akistaafu, familia hutoka, na mara nyingi hutoka kwa haraka, vitu vyote juu ya lori mchana mmoja. Siku kama hiyo utamwona Karani anakuja, amevaa shati la kazini, anapita kwenye vitanda na masufuria kama havioni. Swali lake lilikuwa moja: "Barua ziko wapi?" Akiambiwa bado hazijafungwa, aliwaambia wazifunge kwanza. Kitanda mtapata kingine, alisema. Nasi tulipotolewa alikuja. Mama yangu alikuwa na barua moja tu ya baba, na kwa sababu ya Karani ndiyo kitu pekee kilichofika mjini bila kuvunjika.

Nitaeleza kuhusu barua hiyo, maana bila hiyo hutamjua.

Baba yangu alipelekwa Karamoja, na kwa miezi kadhaa Karani naye alipelekwa huko huko. Baba hakujua kuandika. Akamwomba Karani amwandikie, na barua ikaja, na baada ya hapo baba hakurudi. Ndani ya barua kuna mahali panasema, mwambie binti yangu mkubwa kwamba huku nimeona ndege warefu kuliko mtu, hawaruki, wanatembea tu, na nikirudi nitamwonyesha wanavyotembea. Binti mkubwa ni mimi. Niliishi na maneno hayo zaidi ya miaka thelathini. Sikumbuki uso wa baba vizuri, lakini nilikuwa nimemtengeneza akinyanyua magoti uani, akitembea kama mbuni, na mimi nikimfuata.

Siku moja Old Kampala, tukiwa tunachambua mchele, nilimuuliza Karani katika barua ile maneno ya baba ni yapi. Sijui kwa nini niliuliza. Labda kwa sababu ya mama wa chapati. Karani aliweka ungo chini.

"Baba yako alisema: waambie niko hai."

"Na mengine?"

"Mengine ni yangu."

"Na wale mbuni?"

"Mbuni niliwaona mimi, nikiwa kwenye gari. Yeye alikuwa amelala."

Nilimuuliza kama baba alicheka aliposomewa. Alifikiri muda mrefu, akasema hakumbuki. Nilimkasirikia siku nyingi. Nilipita mlangoni kwake bila kubisha, na uji wake nikaacha kwenye kizingiti. Sasa nadhani alinitendea haki. Kusema alicheka kungekuwa rahisi, mimi ningefurahi, na hakuna ambaye angejua. Barua ninayo bado. Mwandiko ni wa Karani, maneno ni ya Karani, na ndiyo kumbukumbu yangu ya baba. Sina nyingine.

Alikuwa na misemo, na mingine ilikuwa inachosha. Wa simu aliurudia kila siku. "Anayepiga simu anapita, anayeandika ameketi." Kuna mwingine niliupenda zaidi, ingawa unaogopesha. Mtu akimwambia haoni faida ya kutunza barua ya mtu ambaye yuko hai, na wanaonana kila Krismasi, alimjibu: "Barua ya mtu aliye hai ni karatasi. Subiri." Hiyo "subiri" watu hawakuipenda.

Baada ya kustaafu aliweka meza Nakivubo, kwenye ukumbi wa duka la vitambaa, akiwaandikia watu barua. Zilipoisha barua, akawajazia fomu. Zilipoingia simu, vijana wakaja kumwomba awatungie meseji za kuomba msamaha kwa wachumba, kwa sababu walisikia ana maneno. Alikataa. Mmoja alimwambia kwa upole tu, si kwa dharau, "Mzee, nani anasoma karatasi siku hizi?" Karani alimjibu, "Atakayekutafuta ukiwa umekufa." Yule kijana akacheka, akamnunulia soda. Mwaka huo huo meza ilirudi nyumbani, tukawa tunaanika dagaa juu yake.

Mengi ya haya niliyoyaandika mpaka hapa ni yale ambayo watu walisema msibani. Kuna jambo ambalo halikusemwa, na nimejiuliza sana kama niliseme. Nimeona niliseme, maana yeye hakulificha.

Mkewe alikaa kaskazini, akilima na kuangalia boma lao na watoto. Hakusoma shule. Karani alimfundisha kusoma na kuandika likizo moja, kisha akaendelea kumfundisha kwa posta. Mke anaandika, barua inafika kambini, Karani anaiweka pembeni mpaka Jumapili. Jumapili baada ya kanisa ananawa, anakaa mezani, anatoa kalamu yenye wino mwekundu, anaisahihisha barua ya mkewe mstari kwa mstari, kisha anairudisha kwake pamoja na jibu ili ajifunze. Na mke aliandika kwa penseli. Huyu mtu aliyewakataza wengine penseli ndiye aliyempa mkewe masharti: kalamu ya wino utaipata ukiacha makosa.

Huyo huyo ndiye aliyemwandikia mpika chapati kwamba nyumba imekuwa pana mno. Mimi siwezi kuyaunganisha haya mawili. Nimejaribu.

Mkewe alipokufa, Karani alikwenda kuzika, na huko wakampa furushi. Barua zote alizozirudisha, miaka yote, mke alikuwa amezifunga kwa kipande cha kitenge na kuziweka kwenye chungu kilichoning'inizwa juu ya moto, mahali mchwa hafiki. Hakutupa hata moja. Karani akarudi nazo kambini, akazitia kwenye kopo la biskuti, na baadaye akaja nazo Kampala. Zamani, macho yake yakiwa bado mazima, aliwahi kunitolea baadhi, akanisomea. Alitaka nione mkewe alivyoendelea.

Ya kwanza ilikuwa ndefu, pande zote mbili. Ilikuwa habari ya mbuzi aliyeingia kanisani wakati wa mahubiri akala kitabu cha nyimbo cha katekista, na katekista akaendelea kuhubiri huku amemshika mbuzi pembe. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Karatasi ilikuwa imejaa wekundu, na chini Karani ameandika: Rudia yote. Ya pili ilikuwa fupi kidogo. Ya kumi ilikuwa fupi zaidi. Zile za mwishomwisho zilisema: Hatujambo. Mvua imenyesha. Watoto wazima. Wasalaam. Juu ya kila moja palikuwa na alama moja tu nyekundu, ya tiki.

"Unaona," Karani aliniambia. "Hakuna kosa."

Nilisema naona. Ningesema nini? Nilikuwa mpangaji mwenzake, yeye ni baba yangu kwa umri, na labda mimi ndiye niliyeona vibaya. Labda mkewe alichoka tu, alikuwa na shamba. Lakini nakumbuka niliitazama ile tiki nikahisi baridi.

Halafu kuna ile ya mwisho. Ilifika kambini siku ya Jumatano, na ilikuwa nene. Baada ya miaka ya mistari minne, mkewe alikuwa ameandika karatasi mbili. Karani aliifungua, akaona mstari wa kwanza una kosa, akaikunja, akaiweka pembeni. Kusahihisha ni Jumapili. Ijumaa mtu akashuka kwenye basi la kaskazini na habari ya kifo. Ugonjwa ulikuwa wa muda, walisema, na yeye Karani hakuwa na habari. Huenda barua ilikuwa inasema hilo. Huenda ilisema jambo jingine kabisa.

Aliporudi kutoka kuzika, barua ilikuwa pale pale mezani. Akasema ataisoma Jumapili. Jumapili ikapita, na nyingine, na miaka ikapita, na bado alikuwa na macho. Nilimuuliza mara moja kwa nini haisomi. Alisema, "Najijua. Nikiifungua nitaona makosa kwanza."

Kisha macho yakaanza kuondoka. Presha ya macho, daktari alisema, na akasema tumechelewa. Kwanza giza lilikuja pembeni, kisha likaja katikati, mpaka ikabaki tofauti ya mchana na usiku tu. Ndipo Karani alipoanza kuzisoma barua kwa kidole. Kila alasiri alinawa, akakausha, akakaa kwenye kigoda chake mlangoni, akaweka karatasi kwenye mapaja juu ya ubao, na kidole cha shahada kikatembea mstari kwa mstari kutoka kushoto kwenda kulia, kikifika mwisho kinarudi. Alisema penseli inaacha alama, karatasi inabonyea kidogo, na yeye anausikia mkono wa mkewe. Ile ya mwisho ndiyo aliyoipitia zaidi. Kwa vile hakuwahi kuisoma, alisema, labda kidole kitaanza kuelewa.

Mimi nilimwona kila siku nikikoroga maharagwe. Nikaandika kwenye daftari, na maneno hayo yapo: leo nimeona jambo zuri. Sikufikiri. Na mimi ndiye niliyepaswa kufikiri, mimi ambaye darasani sikuwa na kifutio, nikikosea hesabu nilifuta kwa kidole mpaka karatasi ikawa nyeupe. Nilijua penseli inafutika kwa kidole. Nilijua, na nilitazama miaka.

Wakati mmoja aliniomba nimsomee ile ya mwisho. Nimeitafuta siku hiyo kwenye madaftari yangu nikaipata. Imeandikwa hivi: Karani anataka nimsomee barua ya marehemu. Nimemwambia Jumapili, maharagwe yanaungua. Kweli yalikuwa yanaungua. Lakini sitasingizia maharagwe. Niliogopa. Sikutaka kuwa wa kwanza kujua yaliyomo, nimtazame usoni, niyaseme. Na nilifikiri ni kazi ya binti yake. Jumapili ikaja, palikuwa na kipaimara cha mtoto wa ndugu, nikaenda. Karani hakukumbusha. Hakuwa mtu wa kuomba mara mbili. Miezi michache baadaye binti yake alikuja kumchukua akaishi kwake Luzira, kando ya ziwa, na hiyo ilikuwa sawa, chumba kilikuwa kinavuja na yeye alikuwa amekwisha kuanguka mara mbili penye bomba.

Siku ile ningefungua barua, maneno yangekuwepo? Sijui. Nimejiuliza kila namna. Pengine yalikuwa bado yapo, hafifu. Pengine yalikuwa yamekwisha. Sitajipunguzia na sitajiongezea.

Miaka mitatu ilipita kabla sijaenda Luzira. Nilimpigia simu mara kwa mara, na kila mara alinikumbusha kwamba ninapita tu. Kisha binti yake akanipigia asubuhi moja.

"Mama, Karani anakuita," alisema. "Anasema uje umsomee barua yake. Mimi nimemwambia nitasoma, amekataa, anasema mimi ni mtoto, haifai. Na anasema uje na mikono safi."

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Ukishapita ukuta wa jela unakata kushoto, nyumba ni ya tatu, ina mlango wa bluu. Nilimkuta barazani kwenye kiti cha plastiki, amevaa sweta mchana wa jua. Alikuwa amekonda mpaka masikio yameonekana makubwa. Binti yake alileta beseni na sabuni bila kuambiwa, tukanawa wote watatu, kisha yeye akaingia ndani na kutuachia baraza.

"Umekawia," Karani aliniambia.

"Nimekawia, mzee. Nisamehe."

"Ile Jumapili uliyosema ilikuwa ya mwaka gani?"

Alisema kwa mzaha, na mimi nilijaribu kucheka. Nikafungua kopo. Harufu ya tumbaku ilitoka, bado kali. Akasema nianze na za zamani kwanza, ya mwisho iwe mwisho. Nikakunjua ya kwanza, na niliona mara moja.

Karatasi ilikuwa safi. Sio kwamba imeoza, sio kwamba imeliwa. Ilikuwa safi, imelainika kama kitambaa kilichofuliwa sana, na maandishi ya penseli hayapo tena. Kilichobaki ni wekundu. Mistari ya kukata, imekata hewa. Duara nyekundu, ndani yake hamna kitu. Na maneno ya pembeni kwa mwandiko ule mzuri ninaoujua tangu utoto.

Ningeweza kutunga. Nakiri hilo lilinijia. Yeye mwenyewe aliwatungia watu maisha yake yote, na mimi nilikuwa nakumbuka habari ya mbuzi karibu yote. Lakini nilikumbuka ungo wa mchele, na mbuni, na jinsi alivyofikiri muda mrefu kabla ya kusema hakumbuki. Sikuona kwamba nina haki ya kumpa kitu ambacho yeye alininyima.

"Mzee," nilisema, "nitakusomea kilichopo."

"Soma."

"Anza mstari mpya. Herufi kubwa. Hapa nukta. Neno hili si la Kiswahili. Sentensi ndefu mno. Rudia yote."

Mkono wa Karani ulikuwa juu ya goti.

"Huo ni mwandiko wangu," alisema.

"Ndiyo."

"Na yeye?"

Nikamweleza. Nilimweleza polepole, penseli, kidole, alasiri zile zote. Sijui kama nilifanya vizuri. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni sasa, ameshika mdomo. Karani alisikiliza mpaka mwisho, kisha kidole kile cha shahada alikikunja ndani ya kiganja akakificha.

Nilimwambia hii ndiyo ilikuwa ya mbuzi.

"Mbuzi gani?"

Nikamsimulia mbuzi, kanisa, katekista, pembe. Alisikiliza kwa adabu, kama unavyosikiliza habari za familia ya mtu mwingine. Alikuwa amesahau yote. Kwa hiyo sasa habari ya mbuzi ninayo mimi peke yangu, na si yangu.

"Endelea," alisema.

Nilisoma zote. Nukta. Mkato. Rudia. Umeandika haraka. Rudia. Vizuri kidogo. Kisha tiki, tiki, tiki. Ilichukua kama saa nzima, na hakuna mahali aliponizuia. Nikafika kwenye ile ya mwisho, karatasi mbili. Niliitoa, nikaigeuza, nikaipeleka kwenye mwanga, nikaiinamisha hivi na hivi. Karibu na chini ya karatasi ya pili niliona mabonyeo, pengine mstari mmoja, pengine jina lake. Niliangalia mpaka macho yakatoa maji. Siwezi kuapa kwamba palikuwa na neno.

"Ni hiyo?" aliuliza.

"Ndiyo hiyo."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mzee."

"Geuza."

"Nimegeuza."

Upepo wa ziwa ulikuwa unavuta karatasi, nikaishika kwa mikono miwili.

"Wino mwekundu upo?"

"Haupo. Hata alama moja."

Aliinamisha kichwa kidogo, kama alivyofanya zamani barazani akimsikiliza mtu anayetafuta maneno.

"Basi hiyo hakukosea," alisema.

Kisha akanyoosha mikono yote miwili, nikampa. Akaiweka kwenye mapaja, akainyoosha kwa kiganja, akakikunjua kile kidole alichokuwa amekificha, akakiweka juu kabisa upande wa kushoto. Hakuna aliyemzuia, mimi wala binti yake. Kidole kikaenda mpaka mwisho wa mstari, kikarudi, kikashuka wa pili.